Jacques Monod na bakteria wenye njaa

Katika mihadhara ya baiolojia jina la Jacques Monod hupita haraka. Huandikwa ubaoni pamoja na mwaka 1965, mwaka wa Tuzo ya Nobel, kisha mhadhiri anaendelea. Anastahili zaidi ya hapo, na hasa makosa yake.

Alizaliwa Paris tarehe 9 Februari 1910, baba Mfaransa mchoraji, mama Mmarekani, akakulia Cannes. Alichelewa kutulia. Alipiga selo, akaongoza kwaya, na nusura muziki umchukue moja kwa moja. Mwaka 1936 ilikuwa asafiri kwenda Greenland kwa meli ya utafiti Pourquoi-Pas?, lakini akashawishiwa aende Marekani kusoma jenetiki. Meli ile ilizama karibu na Iceland, akapona mtu mmoja tu.

Wajerumani walipoiteka Paris mwaka 1940, Monod alikuwa Sorbonne, ana miaka 30 na bado hana udaktari. Kazi yake ilionekana ndogo: kuwalisha bakteria sukari za aina mbili kwa pamoja na kupima wanavyoongezeka. Alitegemea mstari mmoja unaopanda. Akapata miwili. Bakteria walimaliza kwanza glukosi, wakasimama kama waliofiwa, kisha wakaanza kukua tena kwa sukari ya pili. Mwingine angeona chombo kimeharibika. Yeye alimpelekea André Lwoff wa Taasisi ya Pasteur matokeo hayo, naye akamweleza kwamba huenda bakteria wanatengeneza kimeng'enya kipya. Monod hakuwahi kulisikia jambo hilo, na hakuliacha tena maisha yake yote.

Akapata udaktari mwaka 1941, huku akiingia katika harakati za siri za kupinga uvamizi. Mkewe Odette alikuwa Myahudi, kwa hiyo hatari ilikuwa mpaka ndani ya nyumba yake. Inasimuliwa kwamba karatasi za siri alizificha ndani ya mfupa wa mguu wa twiga aliyewekwa kama onyesho karibu na maabara yake. Sorbonne ilipokuwa si salama tena, Lwoff alimpa nafasi kwake Pasteur, na majaribio yakaendelea.

Baada ya vita alishikamana na laktosi, sukari ya maziwa. Bakteria asiye na laktosi karibu yake ana molekuli chache tu za kimeng'enya cha kuivunja. Ukimnyima glukosi na kumpa laktosi, anatengeneza maelfu. Protini ni ghali kuitengeneza, na mwenye njaa habebi zana asiyoitumia. Lakini nani anatoa amri? Kwa miaka mingi Monod aliamini ni laktosi yenyewe: inaingia, inaamuru, kazi inaanza.

Jaribio lake mwenyewe ndilo lililomsuta. Yeye, François Jacob na Mmarekani Arthur Pardee waliingiza jeni nzima ya kimeng'enya hicho ndani ya bakteria aliyeikosa, bila laktosi hata chembe. Kimeng'enya kikaanza kutengenezwa papo hapo, kisha baada ya muda kikakoma. Maana yake jeni haikuwa ikingoja amri. Kuna kizuizi kinachoifunga, na kizuizi hicho kilihitaji muda kujijenga ndani ya mwenyeji mpya. Laktosi haiamuru chochote, inaondoa kufuli. Walichapisha mwaka 1959, na Monod akaiacha nadharia aliyoitetea miaka yote hiyo. Wangapi kati yetu tungefanya hivyo, wakati wenzetu wote wanajua tulisimama wapi?

Mwaka 1961 yeye na Jacob walidhani kizuizi hicho ni RNA. Hapo pia walikosea: mwaka 1966 Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walikipata Harvard, nacho ni protini.

Kitabu chake cha 1970 kuhusu bahati na ulazima kinakataa kwamba uhai una kusudio, na hapo Mwislamu anaachana naye njia. Mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Pasteur. Alifariki Cannes tarehe 31 Mei 1976, akiwa bado kazini.