Maisha ya Kabaka Mwanga, Mfalme Aliyekimbilia Bukumbi

Jubilei ni wakati wa kukumbuka. Sisi Wakristu wa pande za Shinyanga na Geita hulisikia jina la Mwanga kila tarehe 3 Juni, nalo hutajwa kwa kosa la kuwaua Mashahidi wa Uganda. Ni kweli. Lakini wachache wajua ya kuwa alipata kuwa mkimbizi katika nchi hii yetu. Basi, tumeona vema kuwaeleza.

Mwanga alirithi kiti cha baba yake Mutesa mwaka 1884, angali kijana. Aliwaogopa wageni, kwa kuwa watu walisema atakayeiteka Buganda atatokea mashariki. Askofu Hannington wa Kanisa la Kiingereza alipokuja kwa njia hiyo, aliuawa Busoga kwa amri yake, Oktoba 1885. Kisha hofu ikawageukia vijana wa nyumba yake waliosali. Na mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo.

Septemba 1888 Mwanga mwenyewe akapinduliwa. Akavuka ziwa kwa mtumbwi hata Magu, akakaa kwa Waarabu kama mfungwa. Ndipo alipowakumbuka mapadre wa Bukumbi, ng'ambo ya ghuba ukitoka upande wa Geita.

Misioni hiyo iliwekwa mwaka 1883 na Mapadre Weupe waliotoka Buganda pamoja na watoto waliowakomboa utumwani. Oktoba 1888 Askofu Livinhac na Padre Lourdel nao walifukuzwa Buganda. Kiboko akaipasua mashua yao ziwani, watoto kadhaa wakafa maji. Walikuwa hawajapumzika bado, mara mwisho wa mwaka akaja Mwanga kuomba hifadhi. Padre Lourdel ndiye aliyekuwa amewafundisha vijana wale waliouawa. Hata hivyo walimpokea, wakamlisha. Walikuwa wamekwisha jua kwa miili yao ukimbizi ni nini.

Mwaka 1889 Wakristu wa Buganda waliokimbilia Ankole wakamwita awaongoze, naye akarudishiwa kiti. Hatusemi kwamba alipata kuwa mtakatifu. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia tena upande huu, Wadachi wakamzuia Mwanza. Akatoroka, akakamatwa mwaka 1899, akafa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903.

Walimu wapenzi, mwaka 1994 Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walipovuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku mbili hivi, wengi wetu tuliwaogopa kabla ya kuwauliza neno. Mpaka leo, mgeni akija machimboni, twauliza kwanza kabila lake. Tuwafundishe watoto kuuliza ni jambo gani lililomtoa kwao. Mapadre wa Bukumbi waliyajua makosa ya mgeni wao kuliko tunavyoyajua ya wageni wetu, wala hawakumfungia mlango.