Daktari Michael Wood na vifuko vya maji vya Turkana

Ukitaja Kakuma leo, kijana wa Nairobi au Mombasa anafikiria kambi ya wakimbizi moja kwa moja. Lakini kambi hiyo ilifunguliwa 1992. Kabla ya hapo, madaktari wa upasuaji waliijua Kakuma kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye hospitali ya misheni pale walikuwa wakija watu wenye matumbo yaliyovimba. Wengi wao walikuwa wanawake, na ungedhani wana mimba ya miezi tisa, kumbe tumboni kuna maji tu. Lita kadhaa za maji, ndani ya kifuko kilichokua polepole kwa miaka.

Mmoja wa watu waliofanya ulimwengu uone matumbo hayo ni Michael Wood, daktari Mwingereza aliyefariki 1987. Jina lake halitajwi sana siku hizi, ila kazi yake unaijua. Zile ndege za madaktari zinazoruka kutoka Uwanja wa Wilson zilianza na yeye na wenzake wawili.

Wood alisomea udaktari London, katika hospitali ya Middlesex, akaja Kenya na mkewe Susan baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Susan mwenyewe alizaliwa Kongo, kwa wazazi wamishenari. (Kama umewahi kununua shanga za Kazuri pale Karen, basi umegusa kazi ya mama huyu. Aliianzisha 1975.) Baadaye Wood alirudi Uingereza kujifunza upasuaji wa kurekebisha viungo kwa Archibald McIndoe, bingwa kutoka New Zealand aliyetengeneza upya nyuso za marubani walioungua vitani. Mwaka wa 1956 Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walikaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro wakapiga hesabu. Eneo la Afrika Mashariki ni kubwa, barabara ni mbovu, na madaktari wa upasuaji wanahesabika kwa vidole. Badala ya mgonjwa kumfuata daktari, kwa nini daktari asipande ndege? 1957 shirika likazaliwa. Ndilo tunaloliita Amref hadi leo. Wood akajifunza kurusha ndege mwenyewe.

Turkana ilikuwa ndiyo hesabu hiyo hasa. Kutoka Nairobi hadi Lodwar ni kama kilomita 700 kwa barabara, na ukifika Lodwar bado una kama kilomita 120 kufika Kakuma. Serikali ya mkoloni iliona huko ni mahali pa kumficha mtu. Jomo Kenyatta alizuiliwa Lokitaung, kisha Lodwar. Kwa ndege ilikuwa habari ya saa chache. Madaktari wanatua, wanapasua, wanafundisha wauguzi, wanaondoka.

Sasa tuuelewe ugonjwa wenyewe. Unaitwa hidatidi. Kuna mnyoo mdogo sana, wa milimita chache tu, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi. Mbuzi akiyameza, au ngamia, au mtoto, yai linageuka kifuko cha maji kwenye ini, mapafu, popote. Mbuzi anachinjwa, mbwa anatupiwa ini lenye kifuko, na mzunguko unaanza upya. Katika maboma ya Waturkana mbwa alikuwa karibu kuliko mbwa wako wa getini. Alilala na watoto, akalamba vyombo, na mtoto mchanga akijisaidia, mbwa ndiye aliyemsafisha. Kabla hujakunja uso, jiulize ungefanya nini wewe mahali ambapo maji ya kunywa unayachimba kwenye mchanga wa laga. Mama ndiye anayeshinda na watoto na mbwa hao, ndiyo maana wanawake waliugua zaidi.

Kukitoa kifuko hicho si kama kukata jipu. Maji yaliyomo yana mbegu za mnyoo, maelfu kwa maelfu. Yakimwagika tumboni wakati wa upasuaji, mgonjwa anaweza kupata mshtuko na kufa hapo hapo mezani. Au anapona vizuri, jeraha linafunga, anarudi kwa mbuzi wake, na kila tone lililomwagika linaanza kukua. Miaka inapita, tumbo linavimba tena. Safari hii si kifuko kimoja, ni vingi.

Hapa ndipo maisha ya daktari wa ndege yanapogonga mwamba. Ndege inakuja na kuondoka, na mgonjwa naye ni mfugaji, anaondoka pia. Ukimwambia arudi baada ya miezi sita, miezi sita ijayo nyasi ziko mpakani mwa Sudan au Uganda, na yeye yuko huko. Utajuaje kama ulimponya? Kovu haliongei. Kumpapasa tumbo hakusaidii mpaka kifuko kiwe kikubwa. Vipimo vya damu navyo viliwadanganya sana huko Turkana, kwani watu wengi wenye vifuko walionekana wazima.

Kwa maoni yangu, sifa ya Wood haiko kwenye ndege. Ndege zinavutia, zinapigwa picha. Sifa yake ni kwamba hakuganda hapo. Mtu aliyesomea kisu aliliacha shirika lake lisogee hatua kwa hatua kutoka kwenye kisu, likafunga redio za mawasiliano kwenye hospitali za mbali, likafundisha wahudumu wa afya, likachunguza chanzo cha magonjwa. Mwaka wa 1982 jina lake lilitokea pamoja na la French na Nelson kwenye ripoti ya kisayansi kuhusu hidatidi ya Turkana. Utafiti huo wa French na Nelson ulionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa wilaya, watu wapatao 220 kwa kila 100,000 walikuwa wakiupata kila mwaka. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na idadi inayojulikana kubwa kuliko hiyo.

Mwaka uliofuata AMREF ilianza mpango wa kuudhibiti. Mbwa walipewa dawa ya minyoo, wasio na mwenyewe wakapunguzwa. Kisha ikaja mashine ya altrasaundi ya kubebeka. Iliendeshwa kwa jenereta ndogo, mgonjwa akalala kivulini, tumbo likapakwa jeli, na picha ikatokea papo hapo. Mashine inatuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga kilichomo ndani na kurudi, na maji yanaonekana meusi. Haina mionzi kama eksirei, hivyo unaweza kumpima mtu huyo huyo hata mara 20.

Ile mara ya pili na ya tatu ndiyo iliyobadilisha mambo. Kifuko kilicho hai kinaonekana cheusi, cha mviringo, kimejaa. Kikianza kufa, ngozi yake ya ndani inabanduka na kuelea kama karatasi majini. Kikifa kabisa kinakuwa kigumu na kuwekea chokaa. Kwa hiyo aliyepasuliwa angeweza kukaguliwa kama kuna kinachoota upya, na aliyekuwa anameza albendazole, dawa iliyoanza kujaribiwa kwa wagonjwa wa Kenya miaka hiyo hiyo ya 80, angejua kama inafanya kazi. Wengine hawakuhitaji kisu hata kidogo, kifuko chao kilishakufa chenyewe.

Si hidatidi peke yake inayodai kuangaliwa tena. Albert Einstein alikuwa na uvimbe kwenye aota, ule mshipa mkuu wa damu unaopita tumboni. Mwaka wa 1948 daktari Rudolph Nissen aliuzungushia selofeni, kama unavyofunga zawadi. Ulishikilia zaidi ya miaka 6, ukapasuka 1955 na kumuua. Leo mtu akirekebishwa mshipa huo kwa kuwekewa mrija ndani, anaitwa kupigwa picha kila baada ya muda, pengine maisha yake yote, kwa sababu damu inaweza kuvuja nyuma ya mrija bila yeye kuhisi chochote. Mgonjwa wa Nissen na mgonjwa wa Kakuma wanafanana kwa hilo. Wote wawili wanajisikia wazima.

Wood aliacha uongozi wa AMREF 1985, mwaka aliopewa cheo cha Sir. Ungedhani atapumzika. Wapi! Mwaka huo huo, yeye na David Campbell wakaanzisha FARM-Africa, shirika la kuwasaidia wakulima na wafugaji. Alikuwa ameona njaa na ukame vikiharibu kazi yote ya daktari.

Alifariki 1987. Mwaka huo huo jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya mashine ile Turkana: picha ilikuwa inavipata vifuko ambavyo kipimo cha damu kilivipita. Waandishi walikuwa Macpherson na wenzake, wale waliokuwa wakizunguka na gari kutoka boma hadi boma. Jina la Wood halikuwemo. Gari liliendelea na kazi, mashine na jenereta nyuma, likiuliza njiani yule mama aliyepasuliwa mwaka juzi amehamia upande gani na mbuzi wake.