Dk Favaloro na mshipa wa mguuni

Daktari René Favaloro alizaliwa Argentina mwaka 1923. Alitibu wanakijiji kwa miaka 12, kisha akaenda Marekani kujifunza upasuaji wa moyo. Mwaka 1967, mjini Cleveland, alianza kutumia mshipa wa mguu wa mgonjwa kuipa damu njia mpya pale mshipa wa moyo ulipoziba. Alirudi kwao kufundisha na kutibu, akafariki mwaka 2000.

Njia yake imeokoa wengi, lakini mshipa wa mguuni haukuzoea presha kubwa ya moyoni. Ukuta wake hunenepa, mafuta hujikusanya, nao huziba tena. Kwa hiyo ukishapasuliwa, usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu, dhibiti presha na sukari, na sigara iache kabisa.