Festo Kivengere: Askofu Aliyekimbia Usiku

Kama uliingia Uganda kupitia Bunagana, ukapitia Nyakabande kabla ya kupelekwa Nakivale au Rwamwanja, basi unaijua milima ya kusini-magharibi. Unaijua baridi yake ya alfajiri, na jinsi mtoto mgongoni anavyozidi kuwa mzito kila unapopanda. Februari 1977, katika milima ya eneo hilohilo la Kigezi, mzee aliyekaribia miaka 60 alitembea usiku pamoja na mkewe. Wao walikuwa wakielekea upande wa pili. Walikuwa raia wa Uganda wakiikimbia Uganda, na mwenyeji wao angekuwa Rwanda.

Mtu huyo alikuwa Festo Kivengere, askofu wa Anglikana wa Kigezi.

Alizaliwa 1919 huko Rukungiri, katika jamii ya wafugaji. Ujanani alikunywa sana, na alikuwa na kinyongo. Uamsho wa Balokole ulipomgusa, hakuishia kutubu kanisani. Alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu hadi kwa Mzungu mmoja aliyemchukia, akamwomba msamaha. Likumbuke jambo hilo. Kuanzia 1946 alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, na mwaka 1972 akawa askofu, makao yake yakiwa Kabale. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka mwaka uliotangulia.

Tarehe 10 Februari 1973, wanaume watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale, mbele ya umati ulioletwa kutazama. Askofu aliruhusiwa kuzungumza nao kabla ya kuuawa. Alienda akijiuliza, utamwambia nini mtu aliyebakiwa na dakika chache? Aliwakuta wametulia. Walikuwa wamempokea Kristo wakiwa kifungoni, na nyuso zao zilionyesha furaha. Yeye aliyekwenda kuwafariji ndiye aliyefarijiwa.

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya kanisa lenyewe. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari walivamia usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, Namirembe, wakidai kutafuta silaha. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamika, na Kivengere alikuwa mmoja wao. Tarehe 16 waliitwa Nile Mansions, mahali ambapo leo ipo hoteli ya Serena. Ukipita pale kwa boda, ni vigumu kuamini. Maaskofu wengine waliamriwa kuondoka. Luwum alibakizwa. Kivengere na Askofu Silvanus Wani walikaa nje wakimsubiri kiongozi wao, hadi walipofukuzwa. Kesho yake redio ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili wamekufa katika ajali ya gari. Wengi hawakuamini. Namirembe kaburi lilichimbwa, watu wakakusanyika kuomboleza, lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa Mucwini, kijijini kwake kaskazini.

Kivengere alirudi Kabale, na huko marafiki walimwonya kwamba askari wanamtafuta. Ndipo yeye na mkewe Mera wakaondoka, kwanza kwa gari, kisha kwa miguu, wakisaidiwa njia na waumini wa hapo.

Sisi tunaofanya kazi katika mashirika tuna neno tunalolipenda, ustahimilivu. Mara nyingi tunaliandika kana kwamba mtu akishavuka mpaka, kazi ngumu imekwisha. Kwa Kivengere ilikuwa ndiyo imeanza. Alikuwa salama, anakaribishwa kuhubiri nchi nyingi, lakini moyoni chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikikua, na aliona jinsi ilivyokuwa inamkausha: maombi yalikuwa mazito, mahubiri hayana uhai. Labda unaifahamu hali hiyo. Chakula umepata, kadi unayo, lakini usiku bado unazungumza na mtu aliyechoma nyumba yako.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, katika kanisa la All Souls. Aliposikiliza habari za Yesu akiwaombea waliokuwa wakimsulubisha, alielewa kwamba naye lazima amsamehe Amin. Ilikuwa safari ya baiskeli tena, ila safari hii aliyemchukia hakuwa akifikika. Baadaye mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Jina hilo liliwaudhi baadhi ya watu, na nadhani walikuwa na haki ya kuudhika. Lakini kusamehe hakukumfanya anyamaze. Aliendelea kueleza hadharani yaliyokuwa yakitendeka Uganda. Kwa hiyo mtu asikutumie mfano wake kukuziba mdomo unapodai haki.

Uhamisho ulimpa pia kazi ambayo hakuitafuta. Wasomi na wanafunzi wengi wa Uganda walikuwa wametawanyika Kenya na kwingineko, masomo yamekatika. Alianzisha mpango ulioitwa RETURN, yaani kurudi, wa kuwapa misaada na kuwasomesha ili siku ya kurudi wawe na ujuzi wa kujenga nchi. Wakati huo hakuna aliyejua siku hiyo ingefika lini.

Ilifika 1979. Kampala ilikombolewa Aprili, na Kivengere akarudi Kabale kuendelea na uaskofu wake. Mwaka 1983 aliwapa wanawake watatu ukasisi, hatua ambayo wengi katika kanisa lake hawakuwa tayari nayo. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa saratani ya damu, akiwa bado askofu wa Kigezi.