Kanyotu: Aliyejua Mengi Asiandike Neno

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Iwapo yupo Mkenya ambaye maisha yake yaliuthibitisha usemi huo, basi ni marehemu James Kanyotu, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nchi hii tangu mwaka 1965 hadi 1991. Kwa muda wa miaka 26 alikuwa mlinzi wa siri za taifa, na raia walio wengi hawakuwahi kuiona sura yake, kwani hata picha zake zilikuwa adimu magazetini.

Mwandishi wa makala haya ni mwana wa Buna, kituo kilichoko kaskazini mwa Wajir katika njia iendayo Moyale. Katika utoto wangu sikupata kulisikia jina la Kanyotu. Tulimjua chifu, tulimjua mkuu wa wilaya, na jina la Rais tulilikariri shuleni. Lakini idara ambayo kazi yake ilikuwa kutujua sisi, nani amekwenda kisima kipi, nani amevuka mpaka, nani amesema nini msikitini, ilikuwa chini ya mtu huyo tusiyemjua. Ndiyo sababu naona yafaa sisi watu wa kaskazini tumsome leo, ingawa yeye ndiye aliyezoea kutusoma.

Kanyotu alikuwa mzaliwa wa upande wa Mlima Kenya. Alijiunga na polisi wakati utawala wa Mwingereza ukielekea ukingoni, na akaingizwa katika Tawi Maalumu, lile lililojulikana kwa jina la Special Branch. Alipokabidhiwa tawi hilo mwaka 1965 alikuwa kijana bado, na Kenya yenyewe ilikuwa changa. Tawi hilo lilikuwa limeundwa na mkoloni ili kuwachunguza wananchi waliodai uhuru. Bendera ilibadilika, maafisa wakabadilika rangi, lakini kazi iliendelea na majalada yakarithiwa.

Mwaka wenyewe ulianza vibaya. Februari 24, 1965 Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Akafuata Tom Mboya Julai 1969, kisha J. M. Kariuki Machi 1975, na hatimaye Dkt. Robert Ouko Februari 1990. Vifo vyote hivyo vinne vilitokea Kanyotu akiwa kazini. Haitakuwa haki kumtwika marehemu damu ambayo hakuna mahakama iliyomhukumu kwayo. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba taifa lilikuwa na mtu mmoja aliyelipwa ili ajue, na kwamba taifa hilo halikuambiwa alichokijua.

Alimtumikia Mzee Jomo Kenyatta hadi Mzee alipofariki Agosti 1978. Wengi waliotegemea fadhila za utawala ule waliporomoka, lakini yeye alisalia kitini chini ya Rais Daniel arap Moi kwa miaka mingine 13. Imesimuliwa mara nyingi kwamba kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 idara yake ilikuwa na habari za wanajeshi wa anga waliokuwa wakipanga njama. Baada ya jaribio hilo kushindwa, mkono wa dola ukawa mzito zaidi. Wahadhiri, wanafunzi na wanasiasa walikamatwa, na kuanzia mwaka 1986 wengi walioshukiwa kuwa wa kundi la Mwakenya waliteswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo. Idara yenyewe ikapewa jina jipya, lakini mkuu wake akabaki yuleyule.

Ziko nchi ambako mkuu wa ujasusi hutoka gizani na kuingia siasa mchana kweupe. Jirani yetu Kongo alikuwa na Victor Nendaka, aliyeongoza usalama wa taifa tangu mwaka 1960, kisha akawa waziri wa mambo ya ndani mwaka 1965. Afghanistan ilikuwa na Dkt. Najibullah, tabibu aliyeongoza idara ya ujasusi kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, akawa rais mwaka 1987, akaangushwa Aprili 1992, na Septemba 1996 akauawa na Wataliban na mwili wake ukatundikwa hadharani mjini Kabul. Kanyotu hakuwania kiti chochote. Hakuhutubia mkutano wa hadhara wala kuomba kura ya mtu. Lakini je, twaweza kusema hakuwa mwanasiasa? Mtu ambaye taarifa yake ilimfanya huyu waziri na yule mahabusu alikuwa katika siasa kuliko wabunge wengi. Tofauti ni kwamba mwanasiasa wa jukwaani hukutana na mpiga kura kila baada ya miaka mitano, na huyu hakukutana naye kamwe.

Sasa na turudi kaskazini. Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliwekwa chini ya hali ya hatari Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, vilipozuka vita vya wale waliotaka kujiunga na Somalia. Vita hivyo vilimalizika mwaka 1967 kufuatia mapatano ya Arusha, ambapo Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alikuwa msuluhishi. Lakini sheria za hatari hazikumalizika navyo. Ziliendelea hadi mwaka 1991, mwaka uleule Kanyotu alipostaafu. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali dhidi ya madai yaliyotokana na matendo yao katika vita hivyo. Kwa hiyo mtu wa Buna aliyezaliwa siku ya uhuru alifikisha umri wa miaka 27 kabla ya kuonja sheria sawa na ile ya Mkenya wa Nyeri au Kisumu.

Mimi ni mtu wa taaluma ya lugha, na naomba msomaji aniruhusu kulitazama neno moja. Neno shifta lilitujia kutoka Uhabeshi, na maana yake ni mhalifu wa nyikani. Katika taarifa za serikali neno hilo lilianza kwa kumtaja mtu mwenye bunduki, likaenea likamkumba mchungaji, mwenye duka, hata mama aliyebeba maji. Neno likishaingia katika jalada halihitaji tena ushahidi. Huwa lenyewe ndilo ushahidi. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kujiandikisha upya na kupewa kadi nyingine mbali na kitambulisho. Nilikuwa mtoto, na ningali namkumbuka baba yangu akiitunza kadi hiyo katika mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake, kana kwamba uraia mmoja ulihitaji mashahidi wawili.

Lakini la kadi ni dogo likilinganishwa na la Wagalla. Februari 8, 1984 wajumbe wa Kamati ya Ujasusi ya Kenya waliwasili Wajir kwa ziara. Siku mbili baadaye wanaume wa Kidegodia walianza kukusanywa na kupelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilianza kwa kusema waliokufa ni 57. Baada ya miaka mingi ikakubali 380. Wenyeji hutaja idadi kubwa zaidi ya hizo. Mwanamke wa Kiitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliwahudumia majeruhi na kusaidia habari hizo ziufikie ulimwengu. Baadaye ilimbidi aondoke nchini. Mgeni aliyekuwa na habari za kliniki yake tu alisema, naye mwenyeji aliyekuwa na habari za nchi nzima alinyamaza.

Alipostaafu, Kanyotu hakupumzika kijijini kama mstaafu wa kawaida. Jina lake lilikuwa limekwisha kuonekana pamoja na la Kamlesh Pattni kama wakurugenzi wa kampuni ya Goldenberg, iliyoanzishwa mwaka 1990 na kulipwa mabilioni ya fedha za umma kwa madai ya kuuza ng'ambo dhahabu na almasi. Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilipoichunguza kashfa hiyo, ndipo wananchi wengi walipoanza kumfahamu. Ni ajabu kwamba yaliyomtoa gizani ni mambo ya pesa, si ya roho za watu.

Alifariki Februari 2008, wakati nchi ikiungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Hakuacha kitabu cha kumbukumbu. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, ikapitishwa sheria ya kuunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Tume ilifika Garissa na Wajir mwaka 2011, wajane wakasimama wakatoa ushahidi huku wakilia, na ripoti ikakabidhiwa Mei 2013. Mtu ambaye angeulizwa maswali kuliko wote alikuwa kaburini.

Wapo watakaosema kwamba jasusi mwema ni yule afaye na siri zake, na kwamba Kanyotu alitimiza kiapo. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna dola iwezayo kuishi bila siri, na mtumishi anayeropoka ni hatari kwa wote. Lakini siri ya taifa ni mali ya taifa, si ya mtumishi wake. Siri inayomlinda raia dhidi ya adui ni amana. Siri inayomlinda muuaji dhidi ya mjane ni deni, na deni halifi na mdaiwa. Hurithiwa.

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita. Radhi ni jambo jema, nasi watu wa kaskazini tumefunzwa kuipokea. Lakini kwa mila zetu, anayeomba radhi kwa damu hutaja aliyeuawa, mahali alipofia na aliyemuua, ndipo diya ijadiliwe. Katiba ya mwaka 2010 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza namna ya kuziomba. Taarifa zilizotumwa Nairobi kutoka Wajir katika wiki zile za Februari 1984 ziliandikwa na watumishi wa umma, kwa kalamu na karatasi za umma. Zifunguliwe.

Marehemu Kanyotu hawezi kuulizwa tena, na Mola ndiye ajuaye hesabu yake. Jalada lingali laweza kuulizwa, na wajane wa Wagalla walio hai wanazidi kupungua kila mwaka.