Zuberi Mtemvu: Aliyekataa 'kura tatu' akaja kupambana na Nyerere

Mwaka 2005 wapiga kura wa Chang'ombe, Keko, Tandika na mitaa mingine ya Temeke walimpeleka bungeni Abbas Mtemvu wa CCM. Kwa vijana lilikuwa jina la mbunge tu. Kwa wazee lilikuwa jina zito. Baba yake, Zuberi Mtemvu, ndiye mtu pekee aliyewahi kusimama na Mwalimu Nyerere kugombea urais wa nchi hii.

Kisa chake kinaanzia kwenye majimbo ambayo leo hayapo tena.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Nchi nzima iligawanywa majimbo 10, Dar es Salaam likiwa mojawapo. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu, la sivyo kura yake inaharibika. Ndiyo maana watu wakaiita kura tatu.

Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima na kibarua wa kawaida wakabaki nje.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua: tuingie au tususe? Wengi walifika wakiwa na hasira, wakitaka kususa. Nyerere akawageuza. Hoja yake ilikuwa kwamba TANU ikikaa pembeni, viti vyote vitabebwa na UTP, chama kilichopendwa na serikali ya kikoloni. Mkutano ukakubali kuingia.

Mtemvu hakukubali. Kwake yeye, kuwapa Wazungu na Waasia wachache viti sawa na mamilioni ya Waafrika ilikuwa dharau, na kushiriki ni kuibariki dharau hiyo. Akatoka TANU, akaanzisha chama chake, African National Congress, chenye msimamo kwamba Tanganyika ni ya Waafrika.

Msimamo ulikuwa mkali, ila kura hazikuja. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakazoa viti vya kura tatu. Uchaguzi wa 1960, chama cha Mtemvu kiliambulia kura 337 tu nchi nzima.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza ikashushwa pale kwenye uwanja ambao sasa tunauita Uwanja wa Uhuru, jirani kabisa na Chang'ombe. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mtemvu alikuwa na chama kisicho na mbunge hata mmoja.

Bado hakukaa kimya. Novemba 1962 akagombea urais. Nyerere alipata kura 1,127,978, Mtemvu 21,276. Hata asilimia mbili hazikufika.

Baada ya hapo mlango ukafungwa. Mwaka 1963 TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja, na katiba ya 1965 ikalihalalisha hilo. Mtemvu akarudi TANU, nyumba aliyoihama. Watanzania hawakuona tena wagombea wawili wa urais kwenye karatasi moja hadi 1995, vyama vingi viliporudi.

Kura tatu nazo zilikufa, na zilizikwa na TANU ileile iliyokubali kuziingia. Kwa hilo Nyerere alishinda hoja ya Tabora. Uchaguzi usiouliza rangi ya mtu ndio uliobaki. Na ndio uchaguzi uliompa mwanawe ubunge wa Temeke.