Ibn Battuta na Chano cha Wali

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304. Umri wake ulikuwa miaka 21 alipowaaga wazee wake kwenda Hija, na safari ile ikazaa nyingine, hata China.

Mwaka 1331 alishukia Mogadishu. Kadhi alimpokea kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, akatiwa katika nyumba ya wanafunzi, na chakula kikatoka kwa sultani: chano kikubwa cha wali wa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi na embe.

Akapita Mombasa na Kilwa. Habari zake zilikamilika kuandikwa mwaka 1355, kisha akafariki kwao.

Nami nimezipika ndizi zile huku Habaswein, mji wa Wasomali ambao jina lake maana yake ni vumbi jingi. Menya ndizi mbichi, kata vipande, chemsha kwa maziwa na moto mdogo, ukikoroga yasishike chini, mpaka zilainike. Wenyeji wangu hawakustaajabu. Wao wali na ndizi huvila pamoja hata leo.

Msomaji, jina la sultani yule wangapi tunalijua? Lakini chano alichomwekea mgeni hakijasahaulika. Basi tusimdharau abishaye hodi na vumbi miguuni. Huenda ndiye atakayetutaja.